Nguzo Zisizo na Vitako

Granada, 24 Februari 1964

Mama,

Sijambo, nakula, nalala, na soksi ulizonifumia nimezivaa hivi sasa ninapoandika. Nimetanguliza hayo kwa sababu najua husomi neno lingine mpaka uyaone.

Jumamosi profesa wetu wa Kiarabu alitupeleka Córdoba. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja kwenye basi dogo, na kwenye zile kona za milimani wanne walitapika, akiwemo profesa mwenyewe. Kwa hiyo tulipofika tulikuwa watu wanyonge, wenye nyuso za kijani, hatutaki kuona chochote. Tukapita ua wa michungwa, tukaingia kwa mlango ambao ungedhani ni wa ghala.

Mama, sijui nianzie wapi.

Mwanzoni ni giza tu, na baridi inayopanda kutoka sakafuni. Halafu macho yanazoea, na unaanza kuona nguzo. Unaona kumi. Nyuma yake kumi nyingine. Unasogea hatua moja, na kumbe nyuma ya zile zipo nyingine, na pembeni nyingine, na kila unapogeuza kichwa mistari inajipanga upya. Unakumbuka tulivyokuwa tukipita kwenye shamba la mizeituni la Doña Brígida, kila upande unaogeukia unaona njia mpya kati ya miti? Sasa ifanye mizeituni ile kuwa ya jiwe, uiwekee matawi mekundu na meupe, na yote uifunike paa. Nilianza kuzihesabu. Nilifika mia moja na arobaini nikapotea, nikarudi mwanzo, nikapotea tena. Profesa anasema zimezidi mia nane. Pilar Montoro, yule rafiki yangu wa Guadix ambaye hanyamazi hata akiwa na maji mdomoni, alinishika mkono akaninong'oneza, "Ni watu waliofanya hivi?" Katikati, mahali walipolijenga kanisa kuu ndani ya msikiti, misa ilikuwa inaendelea, na uimbaji ulitufikia kupitia zile nguzo kama unatoka ndani ya kisima.

Halafu kuna hili. Upande wa ndani zaidi, kwenye nguzo moja ya rangi ya waridi, usawa wa kiuno changu, niliona mikwaruzo. Niliinama. Zilikuwa herufi. Nilizisoma kwa kidole, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, na zikatoa jina: Masudi. Basi, hakuna kingine. Ni mchonga mawe aliyeliandika jina lake miaka elfu moja iliyopita na kuliacha pale. Nimekaa mwaka na nusu nikikariri herufi hizi kwenye karatasi, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kunijibu.

Nikamkumbuka Baba na mawe yake ya machimboni. Pilar akikwambia nililia, mwambie lilikuwa vumbi.

Kitu kimoja cha ajabu: nguzo za upande ule hazina vitako. Zinaingia sakafuni moja kwa moja, kama miti.

Usimsomee Baba barua hii. Alisema nikipanda lile basi la Granada nisimwandikie tena, nami simwandikii.

Mwanao,
Gádor


Benizarcal, 4 Machi 1964

Gádor mwanangu,

Nimemsomea. Ukitaka nisamehe, usipotaka shauri yako.

Jumapili alikuwa anakula migas zake, yale makombo ya mkate ya kukaanga, nami nikakaa karibu na moto nikaanza kusoma kwa sauti kama vile najisomea mwenyewe. Akasema, "Rufina, nakula." Nikamwambia, "Nani kakuzuia? Kula." Nikaendelea. Nilipofika kwenye zile nguzo, kijiko kikasimama hewani. Nilipofika kwa huyo Masudi, akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia hapo pa vitako." Nikarudia. Akaweka kijiko chini, akasema, "Huyu mtoto wako kipofu." Unaona? Ukishinda mtihani wewe ni mtoto wa Indalecio, ukikosea wewe ni mtoto wangu.

Aliacha chakula, akaenda uani. Nilimchungulia dirishani. Alikuwa amesimamisha lile jiwe refu ninalokandia unga juu ya udongo mtupu, analisukuma kwa kidole, anaangalia litaegemea wapi. Liliangukia beseni langu la kufulia. Hakusema pole wala nini.

Baba yako hajambo. Ana kikohozi kidogo, baridi tu ya mwaka huu. Mbuzi amezaa mapacha. Jirani yetu Casta anaulizia kama huko Granada umepata mchumba. Nimemwambia umepata mmoja, amekufa miaka elfu moja iliyopita.

Nilipotaka kuifunga bahasha, Baba yako aliichukua karatasi mkononi mwangu bila kunitazama, akaandika hapa chini kwa penseli ya kazini. Sijui ameandika nini. Miwani yangu iko mbali.

Mama yako,
Rufina

*Nguzo haisimami bila kitako. Umeangalia vibaya.*


Granada, 15 Machi 1964

Baba,

Sikuangalia vibaya.

Uliniambia nisikuandikie, na ningeendelea kutii. Lakini safari hii umeanza wewe, kwa maneno sita ya penseli. Kwa hiyo jana nilirudi Córdoba peke yangu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya Masudi, nikalala kifudifudi, shavu juu ya sakafu, nikaangalia pale nguzo inapokutana na jiwe la chini. Nikiwa katika hali hiyo, nikaona viatu viwili vyeusi mbele ya pua yangu.

"Binti, umezimia?"

"Hapana, bwana. Natafuta kitako."

"Cha nani?"

"Cha nguzo, bwana!"

Ni mlinzi, anaitwa Don Acisclo, mwenye masharubu kama brashi ya viatu na funguo nyingi kuliko mtakatifu Petro. Nilimweleza kwamba baba yangu ni mpasua mawe, na kwamba baba yangu amesema mimi ni kipofu. Alikaa akafikiri. Akasema amelinda pale miaka ishirini na miwili, ameshawafukuza walevi, njiwa, na bwana mmoja aliyetaka kupiga gitaa, lakini hajawahi kutazama chini ya nguzo hata moja. Akaenda kuleta tochi. Baba, mzee wa watu alipiga magoti na sare yake, tukamulika pande zote nne. Kisha tukamulika nguzo ya pili, ya tatu, ya nane. Hakuna kitako. Hakuna hata pete. Jiwe limeshuka limeingia sakafuni, na limesimama hivyo tangu kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Nguzo zenyewe zinapishana rangi: moja ya waridi, moja ya bluu iliyokolea karibu na nyeusi, moja ya waridi tena. Juu, kati ya nguzo na kichwa chake, niliona ukingo mwembamba wa kijivu, kama ganda la mkate lililochomoza. Don Acisclo anasema ni risasi, ile madini laini. Ni ya nini? Na kuna matao ya tabaka mbili, moja chini na jingine juu yake, na kati yao ni hewa tupu. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Mchoro ni mbaya, lakini matao ni mawili kweli, usiniambie tena sioni.

Baba, sikupanda basi kukukimbia wewe. Nilikimbia ile mashine ya chapa kwenye ofisi ya machimbo, na ule msumari ukutani ambao mlishanionyesha kwamba nitatundika koti langu hapo mpaka nizeeke.

Gádor


Benizarcal, 19 Machi 1964

Gádor,

Barua yako imefika leo, sikukuu ya San José.

Risasi ni godoro. Jiwe likikaa juu ya jiwe bila kitu katikati, kinundu kimoja kilichoinuka, hata kiwe kama punje ya mchanga, kitabeba uzito wote, na siku moja utasikia mlio. Risasi ni laini, inajilaza, inagawa mzigo. Nani aliwafundisha hao watu sijui. Mimi nilifundishwa na marehemu baba kwa kofi.

Mchoro wako mbaya kweli. Hata hivyo nimeelewa. Lile tao la chini limebeba nini? Kwa mchoro huu halijabeba kitu. Hakuna mtu anayejenga tao lisilobeba kitu. Angalia tena.

Mambo ya kuangalia:

Hilo jina, mkwaruzo wake ni mpana juu na mwembamba chini, au kuta zake zimesimama wima? Ukiwa mwembamba chini, ametumia tindo ya ncha, na alichonga haraka, msimamizi akiwa amegeuka. Nguzo ina mstari mweupe unaokatiza au unaoshuka? Ukiigonga kwa fundo la kidole inalia au inanyamaza? Usigonge mlinzi akiwa anatazama.

Mimi nilianza kupasua marumaru nikiwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina hamsini na mitatu. Jiwe linapanda lori, lori linashuka bondeni, sijui linakokwenda. Dereva mmoja aliwahi kuniambia lile jeupe tulilotoa mwaka wa mafuriko lilikwenda kuwa kaunta ya benki huko Barcelona. Mwingine akasema vyoo vya hoteli. Sijawahi kuona hata moja mahali lilipowekwa. Hilo nalisema tu, halina maana.

Kazi ni nyingi machimboni, sitakuwa na nafasi ya kuandika tena.

Indalecio


Benizarcal, 4 Aprili 1964

Gádor mwanangu,

Baba yako yuko kwako? Nijibu kwa simu ya posta, usingoje barua.

Juzi Alhamisi niliamka nikakuta kitanda upande wake kimetandikwa. Tangu tuoane baba yako hajawahi kutandika kitanda, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Suti yake ya harusi haipo kabatini. Kipande cha jibini hakipo. Timazi yake, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango haipo. Nimekwenda kwa Casta, nimekwenda kwa padri, nimepanda mpaka machimboni na magoti yangu haya. Dereva wa basi ndiye aliyesema, "Indalecio? Alishuka na mimi mpaka Granada. Amevaa kama anakwenda kuzikwa." Nikamwambia ang'olewe ulimi.

Sasa nitakwambia, na atakaporudi anipige kelele anavyotaka. Nilikudanganya. Si baridi ya mwaka huu. Januari tulikwenda Almería, daktari akampiga picha ya kifua, akaiweka kwenye taa, tukaona wote wawili. Kifua cha baba yako ni cheupe kama unga pale panapotakiwa kuwa peusi. Ni vumbi la jiwe. Daktari alisema akiishika tena ile mashine ya upepo ya kutobolea jiwe, miaka mitatu ni mingi. Akiiacha kabisa anaweza kuzeeka, akipumua kwa shida lakini akizeeka. Tangu sikukuu ya Candelaria, mwanzoni mwa Februari, hajapanda machimboni. Hizo "kazi nyingi" alizokuandikia ni kukaa kwenye kiti, kutazama ukuta. Miezi miwili, Gádor. Kitu pekee kilichomwinua ni barua zako.

Hakutaka ujue. Alisema, "Akijua, atadhani namwita arudi."

Mwambie arudi. Mwambie sitamfokea.

Mama yako


Córdoba, 5 Aprili 1964

Gádor,

Niko Córdoba tangu Alhamisi jioni, kwenye nyumba ya wageni ya mjane mmoja mwenye paka wengi. Nimempigia simu padri, amwambie mama yako kwamba niko hai. Naandika polepole, nisamehe mwandiko.

Basi lilisimama Granada saa nzima. Nilikunywa kahawa mkabala na kituo, na mhudumu akanionyesha kwa kidole upande wa Chuo Kikuu chenu. Sikuja. Niliona haya. Nilikuwa nakuja huku kukuumbua, na mtu hawezi kumpitia anayekwenda kumuumbua.

Nilisema moyoni, mtoto amesoma sana mpaka ameanza kuota mchana. Nitakwenda, nitaweka timazi, nitamwandikia: kitako kiko hapa, ona. Ijumaa nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni. Nikaingia.

Nikavua kofia. Mpaka leo sijui niliiweka wapi.

Kuna jambo nataka kukueleza na maneno yake sinayo. Maisha yangu yote nimeliona jiwe kutoka upande mmoja, upande wa kulitoa. Mlima unakaa, wewe unapiga, mlima unapungua, jioni kuna shimo. Miaka arobaini na moja nimechimba shimo. Hakuna aliyewahi kunionyesha upande wa pili, kwamba kule lilikokwenda mtu anaweza kulisimamisha namna hii, likanyamaza kwa miaka elfu, na ukipita katikati yake miguu yako yenyewe inapunguza mwendo. Nilisimama kama ng'ombe. Watalii walinizunguka. Mama mmoja alimwambia mwenzake, "Muache, huyu anasali." Sikuwa nasali. Au sijui.

Nilipopata akili nikaanza kazi. Sehemu ya zamani, ile ya karibu na mlango, nguzo zimeokotwa huku na huko, hakuna mbili zilizo ndugu. Fupi wameinyanyua, ndefu wameizamisha, nene wameipa kichwa chembamba, lakini panda macho mpaka juu: zote zimekaa sawa kama maji kwenye beseni. Nilitoa timazi nikiwa nimejificha nyuma ya nguzo. Nimepima kumi na saba. Iliyopotoka zaidi imepotoka kwa unene wa ukucha.

Mchoro wako ulikuwa sahihi kuhusu tao la chini. Halibebi kitu. Nililitazama siku nzima ya Ijumaa nikiwa na hasira nalo, na Jumamosi nikaelewa. Lipo ili nguzo zishikane mikono. Nguzo nyembamba namna ile, zingeachwa kila moja peke yake, zingelala zamani. Yule aliyelifikiria hilo, ningempa kiti changu.

Kisha nikatafuta vitako. Nililala chini pale ulipolala wewe. Nikasikia nyuma yangu:

"Kitako?"

"Umejuaje?" nikauliza.

"Wewe ni baba yake," akasema. "Mnalala kwa namna moja."

Don Acisclo ni mtu mzuri. Tangu hapo ananiacha nikae mpaka anapofunga.

Hakuna vitako. Nimekosea, wewe umeona.

Na yule mtu wako nimempata. Sikuweza kumsoma, nilimgusa. Mkono ulielewa kabla yangu. Ni tindo ya ncha, kama nilivyosema, mapigo mafupi, hakuwa na wasiwasi bali alikuwa na haraka. Lakini kuna jambo jingine. Mapigo yote yamelalia upande usio wa kawaida. Nimejaribu kwa kidole, nikajaribu kwa kalamu, nikageuka hivi na hivi. Gádor, yule mtu alikuwa anapiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Nakuapia. Profesa wako hajui hilo, mapadri hawajui, wafalme waliokuja hapa kupiga picha hawakujua. Kwa miaka elfu moja jambo hilo lilikaa ndani ya jiwe, sasa tunalijua mimi na wewe.

Kuhusu kifua changu mama yako ameshakwambia, namjua. Ni kweli. Waliponiambia niache, niliona kwamba maisha yangu yote yalikuwa vumbi, na kwamba hata hilo vumbi sikuliacha machimboni, nimelileta nyumbani ndani yangu. Nilikuwa nangoja tu. Sasa sijui kama bado nangoja.

Kama profesa wako atakuruhusu, njoo. Nataka kusikia lile jina likisomwa na mtu anayejua kusoma.

Baba yako,
Indalecio


Córdoba, 9 Aprili 1964

Mama,

Tuko wote wawili, hatujambo, na amekula.

Barua yake nilipewa juzi nikiwa darasani. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, watu wakinipita, halafu sikuomba ruhusa kwa profesa wala kwa mtu yeyote. Jana asubuhi nilipanda basi la kwanza. Nilimkuta kwenye kibaraza cha ule ua wa michungwa, suti ya harusi imejaa vumbi la sakafu mbele yote, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Mama, sikuwa nimejiandaa kwa ile shingo.

"Umekonda," akaniambia.

"Na wewe pia."

"Mimi mzee. Wewe una sababu gani?"

Akanishika mkono wa sweta, si mkono wenyewe, akanivuta ndani kama anayechelewa treni. Hakunionyesha kitu kingine njiani. Don Acisclo alituona akageukia ukutani, akajifanya anakagua kufuli.

Tulipiga magoti. Niliweka kidole kwenye herufi ya kwanza, nikasoma. Akasema, "Polepole." Nikasoma polepole. Akasema, "Tena." Mara ya tatu aliweka kidole chake juu ya changu, tukapita herufi zote pamoja, akalitamka mwenyewe: Masudi. Alilitamka kama anamwita mtu aliye upande wa pili wa machimbo.

"Lina maana, au ni jina tu?"

"Lina maana. Aliyebahatika."

Baba alicheka. Mama, mara ya mwisho kumsikia akicheka sikumbuki. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kikohozi kile si cha baridi ya mwaka huu, nilikisikia vizuri, hakikutaka kwisha. Aliegemea nguzo. Don Acisclo alikuja mbio na glasi ya maji. Baba alikunywa, akapangusa macho, akakaa hapohapo sakafuni muda mrefu, mgongo kwenye jiwe.

Kisha akasema, "Nilikosea."

"Kuhusu vitako? Umeshaniandikia."

"Kuhusu lile basi."

Tulikaa tu, watu wakitupita, mpaka miguu yangu ikafa ganzi.

Jioni mjane wa nyumba ya wageni alitupikia supu nzito ya nyanya, na Baba akamweleza habari za risasi kwa saa nzima huku paka wamemkalia mapajani. Nilimuuliza atafanya nini sasa. Alisema mashine ya upepo hataigusa tena. Amekwisha kumwambia Don Acisclo, na kumwambia mtu mgeni ni kiapo kikubwa kuliko kumwambia mke. Anafikiria kuchonga vinu vya marumaru kwa mkono, pale uani, jiwe likiwa limelowa ili lisitoe vumbi. Nilimuuliza kama daktari atakubali. Akasema tutakwenda kumuuliza.

Jumamosi atakuwa nyumbani. Ameniomba nikuombe usimfokee mlangoni. Ngoja aketi kwanza.

Gádor


Benizarcal, 20 Aprili 1964

Gádor mwanangu,

Nilimfokea mlangoni. Ahadi ilikuwa ya siku nilipokuwa na hofu. Hofu ilipokwisha na ahadi ikaisha.

Daktari amekubali vinu, kwa masharti: jiwe liwe na maji, kazi ifanyikie nje, na akichoka aache. Yuko uani hivi sasa ninavyoandika, gunia limelowa, anapiga taratibu. Jana alikohoa mara mbili tu kabla ya chakula. Nahesabu.

Lakini haachi kuongea! Miaka ishirini na mitano nimeishi na mtu anayesema maneno tisa kwa siku, na sita katika hayo ni "chumvi iko wapi" na nduguze. Sasa nikiamka ni matao. Nikikamua mbuzi ni risasi. Casta alikuja kuomba unga akaondoka baada ya saa mbili, anajua tofauti ya nguzo iliyozamishwa na iliyonyanyuliwa.

Mnaandikiana wee, mnapimiana, mnagusishana mkono wa kushoto wa marehemu. Na anayelamba stempu ni mimi. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, "Rufina, na wewe ungependa kuona?" Hata kukataa hamjanipa nafasi.

Kwa hiyo nimemwambia. Ijumaa ya kwanza ya Mei tunapanda basi, mimi na yeye. Casta atakaa na mbuzi. Wewe kaa na mitihani yako, usije. Nataka kuona kwa macho yangu bila kufundishwa na wawili kwa pamoja.

Mama yako


Benizarcal, 5 Mei 1964

Gádor,

Tumerudi salama. Mama yako amelala mchana huu, jambo ambalo halijawahi kutokea, kwa hiyo naandika mimi.

Ijumaa tulifika jioni mno, tukaingia Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilipanga nitaanza wapi, nitamwonyesha nini kwanza. Alifunga kitambaa chake kichwani, akapita mlango, nikafungua mdomo. Akasema, "Nyamaza, Indalecio."

Akaenda peke yake. Nilimwona anapotea nyuma ya nguzo, anatokea, anapotea tena, mdogo kabisa chini ya yale matao. Don Acisclo alikuja akasimama kando yangu. Nusu saa, labda zaidi. Mama yako, ambaye husemesha hata kuku, hakutoa sauti.

Nilimkuta kule ndani, karibu na Masudi, lakini hakuwa anamtazama Masudi. Alikuwa amekaa sakafuni na viatu amevua, viganja vyote viwili amevilaza kwenye jiwe lile baridi, anatazama juu. Mashavu yamelowa na hajali.

"Walikuwa wangapi?" akaniuliza.

"Mamia. Labda maelfu."

"Kwa muda gani?"

"Don Acisclo anasema ukijumlisha sehemu zote ni miaka mia mbili."

Kisha akasema, "Miaka mia mbili. Kila siku ya Mungu. Na nani aliwapikia?"

Nikachuchumaa kando yake.

"Nani alikung'uta vumbi kwenye nguo zao? Nani alisimama mlangoni jua likizama, anasikiliza kama mtu wake anarudi na miguu yote miwili? Wewe umempata fundi wako, umemjua mpaka mkono. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Na mke wake, Indalecio? Yeye wamemwandika nguzo gani?"

Gádor, nimezunguka pale ndani siku zangu zote zile na kamba ya timazi, na nilidhani nimeona kila kitu. Nilimtazama Don Acisclo, akatazama funguo zake. Nikapiga magoti nikamvalisha mama yako viatu, kwa sababu sakafu ni baridi.

Ndani ya basi tulianza kupanda mlima wetu. Ndipo akanigeukia, akaniambia nikuandikie. Anasema wewe ndiye unayejua herufi zile, na Granada mna vitabu na karatasi za watu hao, barua zao, mirathi yao, kesi zao, na lazima mahali fulani mwanamke mmoja ametajwa. Mitihani ikiisha uanze kutafuta. Anataka kujua alikuwa anaitwa nani.

Amesema hata akiwa mmoja tu, atatosha.

Baba yako,
Indalecio